Deli Limepaa

Huko juu kila kitu kilikwenda sawa. Makosa yote ya siku ile niliyafanya mimi, nikiwa nimesimama ardhini.

Chanzo ni mpwa wangu. Alisoma kwamba Septemba 2009 wanafunzi wawili wa MIT walifunga kamera ndani ya deli la bia, wakalirusha kwa puto mpaka kilomita 28 hivi, likarudi na picha za ukingo wa dunia ulivyopinda chini ya anga jeusi mchana kweupe. Gharama: dola 148.

“Mjomba, dola 148!”

Nami bei ikiwa nzuri huwa siulizi mengine. Tulipomaliza kununua puto, heliamu na parachuti, tulishapita 400. Mke wangu hajaambiwa mpaka leo.

Basi Jumamosi moja, magharibi mwa Massachusetts, tukavaa glavu kama madaktari wa upasuaji tukaanza kujaza. Mzee jirani akasogea. “Mbona limelegea hivyo?” Mpwa akamweleza: kadiri linavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu, puto linavimba lenyewe mpaka lipasuke; ukilishibisha chini, halifiki mbali. Ndani ya deli tulipanga vifuko vya kupashia mikono, kwani njiani baridi hufika hata nyuzi 50 chini ya sifuri, na betri haina koti. Nikawasha kamera. Likapaa.

Simu tuliyoiweka humo ituambie ilipo ilipoteza mtandao mara moja. Kwa saa mbili na zaidi tukakaa garini kama ndugu wa mgonjwa aliyeingizwa chumba cha upasuaji, hatuongei, tunakula njugu. Kisha ujumbe ukaingia: kilomita 60 mashariki, shambani kwa watu, juu ya mti. Aliyepanda ni mimi. Mpwa alisema yeye lazima ashike kompyuta. Suruali ilibaki kwenye tawi, nusu yake.

Video ilikuwa moja, ya sekunde kumi na moja. Inaonyesha tundu la pua, halafu jicho, na sauti yangu: “Hii inarekodi kweli? Ngoja nibonyeze tena kuhakikisha.”

Usiku mama akapiga simu kutoka Tanga. “Haya, huko mbinguni mmeona nini?”

“Bibi,” mpwa akamjibu, “tumemwona Mjomba.”