Friji Niliyoiuza Haikwenda Mbali

"Mkwe, haya ni ya kunywa au ya kunawa?"

Baba mkwe aliuliza kwa adabu zote, bilauri mkononi, Jumapili hii iliyopita, mbele ya mke wangu, shemeji zangu wawili na mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia wageni. Mzee ametoka Dodoma, ambako maji ya mtungi hunywewa kwa kituo maana yanauma meno. Alikuwa ameshauona mtungi wangu pembeni mwa sebule, umevikwa gunia bichi kama bibi harusi, akafurahi, akasema binti yake kapata mwanamume anayejua maisha. Kisha akanywa. Nadhani nilimjibu kwamba ni ya kunywa, ila bado yanapoa.

Friji niliiuza kwa hoja nzito. Mita yetu ya umeme wa LUKU tunaichangia wapangaji wa ua mzima, na kanuni ni kwamba mwenye friji anaongeza elfu tano kila mwezi juu ya mchango wa wote. Nikawahutubia majirani barazani: binadamu ameishi bila friji tangu Adamu, friji ni kabati la kulazia viporo ambavyo hatimaye hutupwa, tunalipia ubaridi ambao bibi zetu waliupata bure kwenye udongo. Jirani wa chumba cha pembeni alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza bei, akainunua palepale. Wiki haikuisha akawa anauza barafu.

Na mtungi si kitu cha mzaha. Wangu ni wa Wakisi, umefinyangwa na wanawake wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kwa mikono, kisha ukachomwa kwenye moto wa wazi. Moto huo ndio siri yenyewe. Haufikii ukali wa tanuru la vyombo vya kaure, kwa hiyo udongo hauyeyuki ukajiziba. Unabaki na vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji yanapenya humo polepole, yanatokeza kwenye ngozi ya nje, yanageuka mvuke, na mvuke hauondoki mikono mitupu. Gramu moja tu ikiruka hewani inachukua joto la kutosha kushusha zaidi ya nusu lita ya maji kwa nyuzijoto moja. Friji nayo inafanya kazi hiyohiyo! Tofauti ni kwamba mvuke wake umefungiwa ndani ya bomba, kompresa inaushindilia hadi uwe kimiminika tena, na joto linatupwa kule nyuma ukutani. Mtungi unauachia mvuke uende zake, na hauna mita. Kaskazini mwa Nigeria mwalimu mmoja, Mohammed Bah Abba, alitumbukiza chungu ndani ya chungu, akajaza mchanga wenye maji katikati, mboga za wakulima zikakaa siku nyingi bila kuoza. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa vyungu viwili na mchanga. Mimi nilikuwa na chungu kimoja na gunia, sikuomba tuzo, niliomba maji ya kunyweka.

Tatizo ni hewa. Kule kwa Bah Abba hewa ni kavu, ina kiu, inapokea mvuke wowote unaoletwa. Ya hapa kwetu Dar es Salaam imeshiba bahari. Joto likiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 30, kama mchana wa kiangazi cha bara, mtungi unaweza kushuka mpaka karibu na nyuzi 20. Joto lilelile, unyevu ukiwa asilimia 75, hata uupepee mtungi kutwa nzima hauwezi kushuka chini ya nyuzi 28. Kwa hiyo Jumapili ile aliyemnywesha mzee maji ya kunawa ni Bahari ya Hindi, na nilijaribu kumweleza hivyo. Alinisikiliza kwa huruma, akaomba chai.

Ndipo ikaja habari ya samaki. Shemeji walikuwa wamepitia soko la samaki la Feri wakaja na ndoo ya changu. Tulikaanga walioenea kikaangoni, waliobaki wakaanza kututazama. Mke wangu hakusema neno. Aliutazama mtungi, akanitazama mimi, akatazama ukuta wa chumba cha pembeni.

"Hodi."

"Karibu jirani. Ala, si ulisema friji ni kabati la viporo?"

"Hawa si viporo. Ni wabichi."

"Mia tano mpaka asubuhi. Juu pana barafu, waweke huko chini kwenye nyanya."

Nikalipa. Mlango wa friji ile umelegea bawaba, haufunguki mpaka uunyanyue kidogo kwa goti. Goti langu likanyanyua lenyewe. Wateja wawili wa barafu waliokuwa wanasubiri wakacheka. Stika ya katuni aliyobandika mwanangu bado ipo mlangoni.

Usiku ule nilipiga hesabu upya, na hapa sitanii. Friji inayogandisha barafu kutwa, ikifunguliwa kwa kila mtoto mwenye sarafu, inakula umeme kuliko ilivyokula kwangu, lakini nyongeza ni elfu tano ileile. Umeme ukiisha kabla ya tarehe, tunaongeza wote sawa. Nyumba isiyozidisha uniti 75 kwa mwezi inaweza kuwekwa kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti. Wengine ni 292, kabla ya VAT na tozo. Taa zangu mbili na chaja ya simu hazifiki hata robo ya hizo 75. Mita hainijui mimi, inaujua ua. Kaya tano za kipato cha chini zikichangia mita moja zinahesabiwa kama tajiri mmoja, na kila moja inalipia uniti karibu mara tatu ya bei waliyowekewa watu wa aina yake. Bado kuna kodi ya jengo, inayokatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500 mwaka 2023. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Anayekatwa ni mpangaji atakayetangulia kununua umeme mwezi ukianza. Mwenye nyumba wetu, ukimkumbusha akurudishie, hujibu kwamba ataliangalia.

Na si friji tu niliyoiacha. Pasi ya mkaa imetoboa shati la kazini. Jiko la mkaa lililochukua nafasi ya gesi limemaliza gunia kabla ya mshahara. Kuhusu kufua kwa mikono sina la kulalamika, maana anayefua si mimi.

Jana niliitisha kikao cha ua kudai kwamba mwenye biashara ya barafu aongeze mchango. Hoja ilisikilizwa vizuri. Jirani akaomba nafasi, akauliza kama mtu anayelaza samaki kwenye friji si mtumiaji wa friji. Wakanyoosha mikono. Nimeandikwa kwenye orodha ya wenye friji, nusu: shilingi 2,500 kwa mwezi, na samaki bado ni mia tano.