Mwimbaji Asiye na Kichwa

Mwaka 1893 mchoraji Toulouse-Lautrec alichora bango la Divan Japonais, klabu ya muziki ya Paris, na mwimbaji Yvette Guilbert akakatwa kichwa na ukingo wa karatasi. Zilibaki glavu zake ndefu nyeusi, zikatosha: mji mzima ulijua ni nani. Mbele, akiwa mkubwa, ameketi mtazamaji, Jane Avril, mcheza dansi. Thubutu kumfanyia hivyo nyota atakayekuja kutumbuiza kwetu Nyantende! Bango letu lazima liwe na uso wake, wa meneja wake, wa mdhamini, na wa mheshimiwa aliyetoa viti, wote wameng'arishwa na kompyuta hadi mama zao wangeuliza ni watoto wa nani. Saa ya kuanza imeandikwa chini, kwa herufi za sisimizi; labda ni busara, maana haifuatwi.

Watasema hayo ni ya Wazungu, huku mtu asipoonekana haji mteja. Lakini Chéri Samba alianza Kinshasa kama mchoraji wa mabango, akafungua karakana yake mwaka 1975, kisha akajaza maneno katika picha zake ili mpita njia asimame asome. Alichouza ni udadisi. Watasema pia kwamba hata Guilbert alimsihi Lautrec asimchore mbaya hivyo. Kweli, alilalamika mwaka 1894. Hata hivyo anakumbukwa kwa glavu, na mheshimiwa wetu, pamoja na meno yake yote, hakumbukwi hata na aliyebandika bango.