Namna ya Kwenda Maonyesho ya Sanaa Dar es Salaam na Kurudi Umeona Kitu

Mlangoni hakuna atakayekuuliza sanaa umesomea wapi, wala unapata mshahara gani, wala kama unamjua mchoraji yeyote wa Ulaya. Atakayekuuliza kitu ni mlinzi, na anachotaka ni jina lako na namba ya simu kwenye daftari. Andika, msalimie, ingia. Nalitanguliza hili kwa sababu wapo watu wanaopita Mikocheni asubuhi na jioni, mwaka nenda mwaka rudi, na hawajawahi kukanyaga Nafasi Art Space. Ukiwauliza kwa nini, wanakwambia pale ni pa Wazungu. Hapana. Pale ni makontena, ndugu yangu, yale yale yanayoshushwa bandarini, yaliyotobolewa milango na madirisha yakawa karakana za wachoraji na wachongaji. Kituo kipo tangu mwaka 2008. Waliomo ndani wanakula chipsi mayai na wanadaiwa kodi ya nyumba, kama wakazi wengine wote wa mji huu.

Na huyo mlinzi msalimie kwa heshima zote. George Lilanga, Mmakonde wa kusini, alipokuja Dar es Salaam miaka ya 1970 alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, kabla kazi zake mwenyewe hazijaanza kupewa nafasi humo. Mashetani yake yenye masikio mapana, matumbo ya mviringo na midomo inayocheka yalikuja kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani, na alipofariki mwaka 2005 alikuwa miongoni mwa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Kwa hiyo mlinzi akikwambia "ile ya kushoto ndiyo kali," anza na ya kushoto. Yeye ameitazama zamu nzima.

Sasa saa. Kadi itasema saa kumi na mbili jioni. Fika saa kumi na mbili. Mgeni rasmi atafika saa moja na nusu, na hizo dakika tisini ni zawadi kubwa kuliko zote utakazopewa jioni hiyo. Wengi huzimaliza kwa kusonya na kuchungulia simu. Wewe zitumie kutazama, maana akishafika kutakuwa na utambulisho wa meza kuu, salamu za wadhamini, risala, hotuba, shukrani kwa hotuba, kisha picha ya pamoja, na baada ya hapo ukuta hauonekani tena kwa vichwa vya watu. Mgeni rasmi akiwahi, ambalo si jambo la kawaida, rudi kesho yake mchana. Maonyesho mengi hukaa wiki kadhaa, na siku ya pili ukumbi ni wako peke yako na feni.

Meza ya vitafunio iheshimu, lakini iache kwanza. Mafuta ya sambusa yakigusa kitambaa cha picha hayatoki, na mkono ulioshika sambusa una tabia ya kunyoosha kidole karibu mno na rangi. Kazi tano, ndipo sambusa moja. Juisi ya ukwaju inywewe pale pale mezani, isizurure.

Ukiwa mbele ya kazi, simama. Simama kwa muda unaoutumia kusoma ujumbe mrefu wa kikundi cha harusi, ule wenye majina ya walioahidi na hawajatoa. Sogea karibu uone brashi ilivyopita, rudi nyuma hatua nne uone umbo zima, kisha nenda pembeni uone kama rangi imerundikana au imelala. Chukua picha ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba, na kuuza picha zake pale Morogoro Stores, Oysterbay. Ukipita haraka utaona chui, basi. Ukikaa utaona kwamba chui yuko peke yake, amejaza ubao mzima, nyuma yake kuna rangi moja na pengine majani machache, na hakuna kitu kingine cha kukuvuta macho. Mtu aliamua kuviacha nje vingine vyote. Hilo ndilo la kulitafuta katika kila kazi, iwe picha, kinyago au kiti: nini kimewekwa, nini kimeachwa. Zile picha zenye twiga, tembo, ndege na Kilimanjaro juu yake zilikuja baadaye, mikononi mwa wengine, na zipo nzuri mno kati yao; lakini ukizipanga kando ya chui yule utajifunza kwa jicho lako jambo ambalo hotuba ya mgeni rasmi haitakufundisha.

Tingatinga alichora kwa miaka minne hivi tu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Wanafunzi wake, akina Ajaba, Linda, Tedo, Adeusi na Mpata, waliendelea, na tangu mwaka 1990 kipo chama cha ushirika pale pale Oysterbay. Huko nako ni maonyesho, ya kila siku ya kazi, bila kadi wala hotuba. Kaa karibu na anayechora, mwombe ruhusa, tazama rangi moja ikisubiriwa ikauke kabla ya nyingine kuwekwa. Wapeleke na watoto. Mtoto hana aibu ya kusema simba huyu ana macho ya binadamu, na mara nyingi yuko sahihi.

Sehemu ngumu ni hii: msanii atakuja kusimama kando yako, na utahisi neno "nzuri sana" likipanda kooni. Lizuie. Amelisikia neno hilo jioni nzima na halimsaidii kwa lolote. Kama ni mtu mzima, toa shikamoo kwanza. Kisha muulize alianza na nini. Muulize alijuaje kwamba kazi imekwisha. Muulize rangi hii ameipata wapi, maana katika mji huu vifaa vizuri vya kuchorea ni ghali na si kila duka la vitabu linavyo, na utashangaa mtu atakavyochangamka kukueleza jinsi alivyoipata bluu moja. Kwa mchongaji, muulize kama mti ni mpingo, kisha uombe kukinyanyua kinyago. Mpingo ni mzito hata kipande kidogo kinakushtua mkono. Mti mwepesi uliosuguliwa rangi ya viatu utaujua kwa kiganja chako kubaki cheusi. Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago, somo hili linatolewa bure, na wachongaji waaminifu watafurahi kukupa, kwa sababu huyo wa rangi ya viatu anawaharibia wao.

Swali moja usiliulize kamwe: "Sasa kazi yako hasa ni ipi?" Hii ndiyo kazi yake.

Upige picha za simu, ndiyo, ila tazama kwanza kwa macho mawili, kisha upige ya kazi nzima pamoja na kile kikaratasi chenye jina. Picha yenye uso wako mkubwa na nusu ya kinyago haimtangazi mtu yeyote isipokuwa kinyozi wako. Ukiirusha mtandaoni, andika jina la aliyeichora. Vijana wengi hapa mjini hupata wateja kwa njia hiyo, na jina likikosekana mteja anabaki kuuliza "huyu ni nani?" bila kujibiwa.

Maonyesho ya usanifu wa majengo huwatisha watu zaidi, kwa sababu ukutani mnaning'inia ramani na mistari, na mtu anajiona amerudi kwenye mtihani wa hesabu. Dawa yake ni kidole. Tafuta mlango kwenye ramani, weka kidole hapo (hewani, usiguse karatasi), kisha ingia. Pita sebuleni, kata kona, tafuta jiko liko wapi, angalia dirisha linatazama bahari au linatazama ukuta wa jirani, uliza maji ya mvua yanaenda wapi. Ukiona choo kinafunguka kuelekea meza ya chakula, umekwisha kuwa mhakiki na unaruhusiwa kusema.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Boma la Kale, karibu na bandari, lenye kituo cha urithi wa majengo ya Dar es Salaam kiitwacho DARCH. Humo ukuta na kilichotundikwa juu yake vyote ni maonyesho: jengo ni la miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultani Majid bin Said, kuta zake ni mawe ya matumbawe na ni nene kiasi kwamba ukiingia kutoka juani unahisi tofauti kabla macho hayajazoea. Ukimaliza humo, panda basi uende Kariakoo, ukaangalie kitu ambacho wengi wetu tumepita chini yake tukiwa tumeinamia nyanya. Inua kichwa. Ile miavuli mikubwa ya zege, iliyopanuka kuelekea juu na kuacha hewa ipite chini yake, ilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea Haifa na kuwa mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki. Mwalimu Nyerere alilifungua soko hilo mwaka 1975. Lilipoungua Julai 2021 tulilia mali za wafanyabiashara, na ilistahili. Lakini jina la Amuli lingestahili kutajwa katika kila nyumba iliyowahi kula mboga kutoka sokoni humo. Simama mahali usipomzuia mbeba mzigo, vinginevyo utaamriwa kupisha, na atakayekuamuru atakuwa na haki.

Kuna jambo nawaomba wenye kuandaa maonyesho, na nalisema kwa uchungu. Andikeni Kiswahili ukutani. Picha ni ya mama lishe wa Tandika, sufuria yake imo, kanga yake imo, moshi wake umo, halafu maelezo yote yako kwa Kiingereza kigumu ambacho hata aliyesoma lazima apumue katikati. Mama lishe mwenyewe akija, ataambiwa na nani kwamba pale ni yeye? Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyekuja pia kuwa balozi wa Tanganyika London, alichora mwaka 1956 wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo iko Museum of Modern Art, New York. Kila babu wa Kilimanjaro angeweza kuieleza kuliko kitabu chochote, na babu huyo hahitaji kufundishwa sanaa. Anahitaji kualikwa, na akifika akute maneno anayoyasoma. Wekeni na bei pia. Mtu akilazimika kunong'onezana na watu wawili ili ajue bei, anaondoka akidhani ni mamilioni, kumbe pengine ni pesa aliyoichangia kwenye sendoff mwezi uliopita.

Hapo tumefika kwenye kununua, na nunueni, jamani. Kibandiko chekundu kando ya kazi maana yake imeuzwa, hivyo usiipende hiyo. Bei ya ukumbini si bei ya mtumba wa Karume, usianze kwa kutaja robo yake. Sehemu ya pesa hiyo kwa kawaida huenda kwa mwenye ukumbi, na inayobaki ndiyo iliyolipa kitambaa, rangi, fremu na miezi ya kazi. Kama imekuzidi, sema wazi kwamba imekuzidi na uulize mambo matatu: ana kazi ndogo zaidi? Ana nakala zilizochapwa kwa idadi maalumu na kusainiwa? Anapokea kwa awamu? Wasanii wengi watakubali awamu kutoka kwa mtu aliyesimama mbele ya picha dakika kumi, kwa sababu wanajua itakwenda kutazamwa. Omba risiti, na omba namba yake ya simu, maana mwaka kesho utataka kujua amefikia wapi.

Ukiibeba kwa bajaji, uso wa picha ukuelekee wewe, kona zizungushiwe kanga. Kwenye daladala subiri gari lisilojaa hata kama ni saa nzima. Nyumbani usiitundike ukuta unaopigwa na jua la mchana wala juu ya jiko. Ukuta wa tofali za saruji toboa kwa dreli na uweke plagi ya plastiki, usigonge msumari mtupu ukaangusha lipu yote. Unyevu wa pwani hupenda kujificha nyuma ya fremu, kwa hiyo bandika vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini ili hewa ipite, na uifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Nyuma yake andika kwa penseli, juu ya mbao za fremu na si juu ya kitambaa, jina la msanii, mwaka, na mahali ulipoinunua. Wageni wataanza kuuliza siku hiyo hiyo. Wajibu kwa jina lake, kisha wape namba ya simu.