Sifa za Pikipiki Iliyochoka

Mwenye pikipiki mpya ana maadui wawili: mwizi na shemeji. Mwizi huja usiku. Shemeji huja mchana kweupe na kuomba aazimwe "dakika kumi tu, shem". Mwenye pikipiki iliyochoka hamhofii yeyote kati yao. Mwizi akiisukuma hatua chache, akakuta cheni inalia na breki ya nyuma imeng'ang'ania, ataiegemeza ukutani aende zake. Shemeji naye anayajua masharti: choki ivutwe nusu, ufunguo ubinywe upande wa kushoto, kiki ipigwe mara tano kwa upole na ya sita kwa hasira. Anaona heri atembee.

Hiyo ni fadhila moja tu, na inatosha kumfanya mtu ashangae kwa nini mkweche haujapata wa kuusifu.

Nasaba yake si ya kubezwa. Mwaka 1976 Honda waliingiza sokoni CG125, pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambako oili hubadilishwa mwenye chombo akikumbuka, naye hukumbuka akiwa na hela. Injini yake ya cc 124 haikupewa cheni ya taimingi inayolegea. Valvu zake zinasukumwa na vijiti vya chuma, utaratibu wa kizamani ambao wapenda kasi walikuwa wakiukimbia. Filta ya karatasi haikuwekwa kwenye oili. Uchafu unanaswa na wavu, na mwingine unarushwa pembeni na kibakuli kinachozunguka ndani ya injini. Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi, na ndiyo maana pikipiki nyingi za cc 125 zilizoshushwa Dar es Salaam na Mombasa zina majina tofauti kwenye tangi na matumbo yanayofanana. Spea ya hii huingia kwenye ile, hata kama fundi atapiga tupa kidogo. Kutelekezwa, kwa hiyo, hakukuzushwa na madereva wa bodaboda. Kulikuwamo kwenye mchoro tangu kiwandani.

Kinachoipa heshima zaidi ni ukweli wake. Pikipiki iliyochoka haidanganyi. Tatizo ni msikilizaji. Mafundi wengi wanakijua kisa hiki. Pikipiki inawaka asubuhi bila kinyongo, inatoka Mbezi, ikifika Kimara inazima. Dereva anafungua plagi, anaipangusa kwa shati, anairudisha, inawaka. Karibu na Ubungo inazima tena. Jioni ananunua plagi mpya, kesho yake inazima palepale. Ananunua koili. Kabureta inafunguliwa, inapulizwa, inafungwa. Inafuata sidiai, ambayo si ya bei ya mchezo. Kila baada ya tiba chombo kinaondoka kwa mbwembwe, na kila fundi anapokea sifa, kwa sababu kila mara kimepumzika robo saa.

Mwishowe mzee mmoja wa spana anamwambia aiendeshe mpaka izime, kisha asiguse kitu chochote ila afungue kifuniko cha tangi. Anakifungua, na hewa inaingia ndani kwa mlio wa "fyuu". Tundu la kupumulia lililo kwenye kifuniko, ambalo ncha ya sindano inalitosha, limezibwa na vumbi lililogandamana. Petroli inaposhuka tangini, hewa haina pa kuingilia kujaza nafasi iliyoachwa. Mvuto unazidi, mpaka mafuta yanagoma kwenda kwenye kabureta. Muda wanaobishana kuhusu plagi unatosha hewa kupenya kidogo kidogo, na chombo kinawaka. Dawa ilikuwa waya mwembamba. Dereva amebaki na koili na sidiai mbili mbili, zote nzima, na somo ambalo mwenye pikipiki mpya hatafundishwa na mtu.

Na kweli ilikuwa imemwambia tangu siku ya kwanza. Kitu kinachozima kila baada ya umbali uleule, kisha kikawaka baada ya kupumzika, kimeshajieleza.

Habari nyingine imeziandika kwenye plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi yanasema mafuta yamezidi hewa, na hapo pa kutazama ni filta ya hewa na choki iliyosahauliwa. Weusi wenye utelezi ni oili inayopanda hadi kwenye moto. Weupe mkavu ni joto kali, huenda kuna mahali panavuta hewa ya wizi. Moshi nao una lugha yake. Wa bluu unaotoka asubuhi ikiwashwa kisha ukakatika mara nyingi unazishtaki sili za valvu. Unaotoka kila inapopandisha mlima na abiria unazitaja ringi za pistoni. Tapeti zikilegea, kwa kipimo ambacho jicho haliwezi kukiona, injini itautangazia mtaa mzima. Gari la kisasa halina uwazi huo: huwasha taa moja ya njano kwenye dashibodi likanyamaza.

Lakini fadhila inayozidi zote ni uvumilivu. Kanuni za mwaka 2010 ziliiwekea pikipiki ya abiria utaratibu wa leseni Tanzania, lakini hazikusema nani atanunua oili. Tajiri anasubiri hesabu ya siku. Dereva anasubiri kibakie chochote baada ya hesabu. Deiwaka anayeipokea jioni hana habari kwamba ndani kuna oili. Nayo ni kama lita moja tu! Tajiri anasema ni juu ya dereva, dereva anasema ni juu ya tajiri, na wakati wakisemezana inaongezwa juu ya ile ya zamani badala ya kumwagwa. Cheni ikirefuka inakazwa. Ikirefuka tena inakatwa pingili. Siku inayonunuliwa mpya inafungwa kwenye sproketi iliyokwisha meno, kwa kuwa sproketi itanunuliwa mwezi ujao, na mwezi ujao cheni mpya imeshaliwa. Betri ikifa inaachwa ife, maana nyingi za aina hii huchukua umeme wa plagi moja kwa moja kutoka kwenye magineto. Stata inakaa kimya, indiketa inakaa kimya, hesabu inapelekwa.

Ikigoma kijiweni huitisha kikao bila barua. Mmoja anasema ni plagi, mwingine maji kwenye kabureta, wa tatu anauliza kama koki imefunguliwa, anatukanwa, kisha koki inakutwa imefungwa.

Sifa zikome kwenye breki. Mkweche unaozima unamchelewesha mtu. Unaokataa kusimama unampeleka Muhimbili, na hapo hakuna cha kusifu. Breki za ngoma nyingi zina mshale mdogo pale mkono wa breki unapokutana na ngoma. Breki ikikanyagwa mpaka mwisho na mshale ukafika kwenye alama, viatu vya breki vimekwisha, na kukaza nati zaidi ni kujidanganya. Hiyo haisubiri hesabu ya kesho.

Siku ya kuuzwa ndiyo siku yake ya utukufu. Inaoshwa kwa sabuni ya unga, tangi linasuguliwa kwa mafuta ya taa, siti inavishwa kava jipya. Muuzaji anaipasha moto nusu saa kabla mnunuzi hajafika, ili iwake kwa kiki moja. Mnunuzi mgeni huanza kwa kupiga honi. Mzoefu hutangulia kuweka kiganja karibu na injini. Akikuta ina joto anaomba maji ya kunywa, anaketi kivulini na kupiga soga mpaka ipoe, ndipo aombe iwashwe. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. "Haina tatizo," anasema muuzaji huku akitafuta spana mfukoni, "ni plagi tu." Kisha anatoa kadi, yenye jina la mtu aliyeiuza kabla ya aliyemuuzia yeye, na wanaanza kujadili bei.