Kichuguu cha Mama Mkwe

Vuli ikishaanza kunyesha hapa Bunda, kila mtu anageuka mtaalamu wa uyoga isipokuwa mimi. Kijiweni kwa bodaboda nimeshagawiwa elimu yote bure: ukikuta wadudu wameutafuna, kula, ukiupika na kitunguu kikabaki cheupe, kula, nyani akiula, na wewe kula. Nikawauliza huyo nyani nani alimfuatilia hadi kesho yake akajua kama aliamka. Wakasema nina ubishi.

Ubishi ninao, na una sababu. Konokono huutafuna bila wasiwasi ule uyoga wanaouita kitaalamu Amanita phalloides, na ndio huo huo unaoongoza kwa kuua watu duniani. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuanika. Tena ina ustaarabu wa kuudhi: inakuacha umalize ugali, usindikize wageni, ulale. Hupita saa 6, wakati mwingine hata 12, ndipo tumbo linaanza. Unatapika, unaharisha, kisha unapata nafuu na ndugu wanamshukuru Mungu, kumbe ini ndilo linakwisha. Sasa kitunguu kitayajulia wapi hayo?

Kwa hiyo nikaenda kwa mwenye elimu yake, na kwa bahati yangu mbaya mwenye elimu yake ni mama mkwe. Mwalimu wa kawaida unambishia, unamwambia hapo sijaelewa, rudia. Mkwe unamfuata nyuma kwa mbali, umebeba ndoo, unaitika "ndiyo mama" hata kwa kitu ambacho hukukiona. Na safari ni alfajiri, umande umefika magotini, kwa sababu jua likitoka wanatoka na watoto wa jirani.

Nikiri, mama anajua. Akifika kichuguuni hakati uyoga, anachimbua taratibu kwa kijiti. Shina jeupe linashuka, linazidi kuwa jembamba, linageuka mzizi mrefu unaozama mpaka walipo mchwa. Kofia ina ncha ngumu katikati, hiyo ndiyo iliyotoboa udongo. "Usikate juu juu," anasema bila kugeuka. "Kinachoua kimejificha chini." Akikuta shina limevaa kifuko pale kwenye tako lake, anauacha, anafuta mikono kwa majani, na mimi nafuta yangu ingawa sijagusa kitu. Ule mwavuli mkubwa mweupe wa kwenye nyasi, ambao matamvua yake hugeuka kijani ukikomaa, hata kuutazama hataki.

Kinachoniuma ni kwamba wakulima wa uyoga huu wa kichuguu ni mchwa, haohao waliokula fremu ya mlango wangu wa choo. Wanatafuna nyasi na mbao, wanazishusha chini, wanaotesha kuvu juu yake, kuvu inawalainishia chakula. Binadamu anapanda uyoga wa mamama bandani kwenye mabua, anauza. Huu wa kichuguu umemkatalia mpaka leo. Yaani mlango ni wangu, shamba ni la mchwa.

Nilijaribu njia ya vitabu. Kipo kimoja cha uyoga wa Tanzania, cha mwaka 2003, cha Härkönen na Niemelä wa Ufini pamoja na Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikamtajia mama kwa majivuno kidogo. Akauliza hao Wafini walionyeshwa uyoga na nani. Nikasema, na wenyeji. Akasema, "Basi."

Kutafuta peke yangu nako kuna mambo yake. Ukielekea upande wa Kunzugu unaikaribia Serengeti. Tembo wakitoka humo wanaingia mashambani bila hodi, na wewe ukiingia humo kuokota chochote ni kosa. Tembo anakula mahindi yetu, mimi nikafungwe kwa uyoga.

Lakini dukuduku langu hasa ni hili: mama ananipeleka kwenye vichuguu ambavyo kila mtu anavijua. Kile chenyewe anakwenda peke yake. Anarudi ndoo imefunikwa khanga, ukiifunua ni uyoga mnene, mpya, bado una udongo.

"Mama, huu umetoka wapi?"

"Umetoka ardhini, mkwe wangu."

Halafu unaungwa kwa karanga, unaliwa na ugali wa udaga, na nyama inakosa cha kujitetea. Nakula nimenuna, naongeza, nanuna tena.

Sasa nimegundua mwanangu wa darasa la pili ameshapelekwa. Nilimwita pembeni, nikamwahidi soda anitajie ni wapi tu, hata kwa kunyoosha kidole. Akafikiri kidogo. "Baba," akasema, "bibi anatoa soda na chapati, nisiseme."