Mhadhara Mkuu Juu ya Kazi za Kuwapa Watu wa Nje

Waheshimiwa wafanyabiashara wa Kamembe, nanyi mliokuwa mnapita tu kuelekea mpakani mkanaswa na kipaza sauti changu: tulieni, elimu imefika. Mimi, Bingwa wa Mabingwa wa Uendeshaji wa Maduka, cheo nilichojitunuku baada ya kukosa mshindani, nitawafundisha kazi ipi mwenye biashara ndogo awape watu wa nje na ipi aing'ang'anie. Mwingereza Ronald Coase alilidokeza jambo hili mwaka 1937: kununua huduma sokoni kuna gharama zaidi ya bei, kwani lazima umtafute mtu, upatane naye, kisha umsimamie. Tuzo ya Nobel akaipata mwaka 1991. Miaka 54 ya kusubiri! Mnaona sasa kwa nini mimi nilijitunuku mapema.

Kanuni yangu ni hii, andikeni. Kazi ambayo kosa lake huonekana papo hapo, mpe mtu wa nje. Ambayo kosa lake huibuka baada ya miezi sita, ishike mwenyewe. Mtazameni mama anayevusha nyanya kwenda Bukavu, upande wa Kongo, kwa daraja la Rusizi ya Kwanza. Mzigo anampa mchukuzi, na ana akili, maana nyanya zikipungua atajua kabla hawajaachana. Daftari la madeni halimwachii mtu, kwa sababu deni lililosahaulika halipigi kelele. Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu na benki za huko zikafungwa, nani angejua pa kuanzia kudai chake: anayemfahamu kila mdaiwa na mtaa wake, au aliyebaki na namba moja ya wakala asiyepokea simu?

Mtihani mgumu ni mhasibu. Tangu mashine za EBM za kutoa risiti za kodi zianze kutumika hapa Rwanda mwaka 2013, kishawishi ni kumtupia kijana mwenye kompyuta risiti zote na kulala usingizi. Kujaza fomu ajaze, sikatai. Ila Mamlaka ya Mapato humtoza faini mlipa kodi, haimfuati kijana wake. Kwa hiyo hesabu umezitoa nje, adhabu imebaki ndani. Uzisome kabla hazijatumwa, hata kama zinakuchosha.

Nasikia mnong'ono kule nyuma kwamba makampuni makubwa hutoa hadi hesabu zao nje na hayafi. Kweli, lakini yana mwanasheria wa kuandika mkataba na mkaguzi wa kuufuatilia. CIMERWA ya Bugarama, inayotengeneza saruji tangu 1984, ikidhulumiwa na mkandarasi inaweza kusubiri mahakama. Wewe mwenye friji moja ya maziwa utasubiri kwa kula nini? Wala simaanishi kwamba cha nje ni haramu. Hata sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijaona mtu akirudisha sahani. Na anayelia kwamba hana muda wa kushika kila kitu ana haki: ulinzi, usafi na usafirishaji awaachie watu wa nje leo hii, muda utapatikana.

Limebaki swali la yule bwana mwenye kofia: je, washauri kama mimi tuajiriwe? Kwa kanuni yangu mwenyewe, hapana, kwani ushauri mbovu haujulikani mpaka mwaka uishe. Ndiyo maana ada yangu hulipwa taslimu, sasa hivi, kabla hamjatawanyika. Risiti mtaidai kwa mhasibu wangu.