Pedali na Visigino vya Mashangazi

Waungwana wanaotengeneza pedali za gitaa huko Japani na Marekani, walipokusanya mwangwi, mrindimo wa ukumbi mpana na mkwaruzo wa wapiga roki katika kisanduku kimoja kinachoenea mfukoni mwa koti, walitia kila kitu katika hesabu zao isipokuwa shangazi wa bi harusi. Chombo chenyewe, kusema haki, hakina ila: chatumia umeme wa volti 9 tu, na kimeniondolea adha ya kuchukua rundo la pedali na nyaya zake kila penye shughuli. Lakini kimeumbwa kikanyagwe, na kwa hiyo hukaa chini mbele ya mpigaji. Ilhali katika harusi zetu za taarabu sakafu iliyo mbele ya wapigaji haikuwa kamwe milki ya wapigaji.

Mwenye kuhudhuria taarabu ajua kwamba mwimbaji afikapo kwenye ubeti wenye kijembe, wanawake huinuka mmoja mmoja, noti imebanwa baina ya vidole viwili, wakaja kwa madaha kumtunza. Na katika safari hiyo macho yao huwa kwa mwimbaji, au kwa yule aliyekusudiwa kijembe, wala si chini.

Basi usiku mmoja mjini Tanga, gitaa langu likijibizana kwa upole na kinanda, shangazi wa kwanza, mwenye kisigino kirefu chembamba, aliikanyaga swichi ya kulia, ile iletayo sauti inayofuata, na papo hapo likanguruma mkwaruzo uliowatia watoto kilio. Ukumbi, ukidhani kijembe kimejibiwa, ukapasuka kwa vigelegele. Wa pili alivaa viatu vipana akazikanyaga swichi zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo katika pedali yangu hukata sauti na kuwasha kipimo cha kulinganishia nyuzi, hata nikawa napiga kwa ufundi wangu wote pasi na kusikika, huku taa ya kijani ikinihakikishia kwamba nyuzi zangu zi sawasawa.

Mzee wa fidla, ambaye tangu awali alikihesabu chombo hiki kuwa ni bidaa, ijapokuwa fidla yake nayo haikuota mnazini, aliniinamia akauliza:

“Mwanangu, hicho kimekufa, ama kinaona haya?”

“Kimekanyagwa, mzee wangu.”

“Na kilitengenezwa kifanywe nini?”

Sikuwa na jawabu, maana swichi ya mguu haiulizi mguu wa nani.

Alipowasili shangazi wa tatu, mwanamke wa haiba na mwili wake, hakupita bali alisimama juu ya kisanduku akacheza hapo hapo. Na kwa kila nyonga aliyoizungusha sauti ikageuka, mara mwangwi, mara mkwaruzo, mara kimya, yote kwa mdundo barabara. Alipotambua kwamba gitaa linamtii kiuno, alijawa na fahari isiyo kifani, akaacha kumtunza mwimbaji, akanimiminia mimi noti, na mashoga zake wakapanga foleni.

Nilipendekeza baadaye kisanduku kikingwe kwa kreti la soda. Kiongozi wa kikundi, ambaye wakati huo alikuwa akihesabu tunzo, alikataa katakata, akaamuru kisogezwe mbele zaidi, na mimi nishughulike na nyuzi tu, maadamu miguu ya kazi hiyo imekwisha patikana.